Sekunde Kumi

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Kondele,
nimevilaza vyote viwili kitandani:
kamera ya marehemu baba, nzito kama pakiti ya unga,
mkanda wake umekunywa jasho la miaka,
na simu yangu, nyembamba, imepasuka kona,
nailipia mdogomdogo, imebaki miezi minne.

Begi ni moja. Likizo ni siku tatu.
Kavetsa, dada yangu, mlangoni, mswaki mdomoni:
"Unakwenda kwa Senje, huendi mwezini.
Simu inapiga, inatuma, inamulika chooni.
Hilo jiwe la marehemu litakusaidia nini?"
Sikumjibu. Nilipanga, nikapangua, nikapanga.

Pale Ilesi, kando ya barabara ya Kakamega,
jiwe linalolia halikuwa na haja na mtu.
Simu ilinipa jiwe, mbingu, na shati jekundu
la mvulana anayeuza njugu.
Nikaipandisha kamera jichoni, nikavuta lenzi polepole,
nikaukuta ule mfereji mweusi shavuni,
unyevu mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo.
Lilikuwa linalia kweli.
Nilisimama pale, jicho moja nimelifumba,
kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo
kwenye nyumba yenye matanga.

Mvulana wa njugu akasogea: "Wewe ni wa gazeti?"
Akachomekea shati. Akakaza shingo
kama anayepigwa picha ya kitambulisho.
Hapo ndipo nilipompoteza.
Nilipotoa simu akacheka, magego yote nje,
akasema, "Nitumie," akanitajia namba.
Nikamtumia, naye akaniongeza njugu.
Kamera haijawahi kumtumia mtu kitu papo hapo;
huahidi tu.

Msituni mvua haikubisha hodi.
Nilivua koti nikaifunika kamera, nikaikumbatia
kama mtoto wa wenyewe.
Mbega wakapita juu, mikia kama mashuka kambani;
simu ikawaona madoa ya wino.
Kisha ikanionya: nafasi imejaa, futa.
Nifute nini? Risiti za mabomba?
Au Kavetsa, akicheka mpaka anakohoa?

Chavakali, Senje Kageha aliishika kamera
kabla hajanisalimu.
Akaunusa mkanda. Akaitika, "Ee,"
kama aliyeitwa.
Akatoa bahasha ya kaki chini ya godoro:
shule, harusi, wabatizwa wenye kanzu zilizolowa,
wafanyabiashara wa Mbale wamepanga mstari,
wote wamekunja macho kwa jua.
"Nionyeshe baba yako," akasema.
Nikapekua. Hayumo.
"Tazama chini."
Na kweli. Kwenye nyasi, miguuni pa kila harusi,
kivuli cha mtu aliyeinua viwiko
kama jogoo anayejiandaa kuwika.

Miaka thelathini.

Kwa simu hilo ni jambo dogo: unaigeuza tu,
inakutazama. Nikaigeuza, tukabanana ndani.
Ikamfuta Senje makunyanzi bila kuombwa,
ikamvika ngozi ya msichana wa tangazo la mafuta.
Akaitazama kwa muda,
akauliza kwa adabu: "Na huyu ni nani?"

Basi nikaiweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa,
nikabonyeza kile kitufe ambacho baba hakukigusa.
Taa nyekundu ikaanza kupepesa. Nikakimbia.
Kuku wakatawanyika, ndala moja ikabaki njiani,
Senje akihesabu kwa sauti; akairuka saba.

Ndiyo hii.
Senje ameketi wima,
makunyanzi yote yamehudhuria.
Mimi naingia kutoka kushoto, ukungu mtupu,
mguu mmoja peku, sijafika.
Na kwenye benchi, katikati yetu,
simu imelala chali, kioo kimewaka:
kuna mtu anapiga.